Mabao Manane na Ngitili

Februari 2016 nilikuwa mwandishi mchanga Shinyanga mjini, nalipwa kwa habari moja moja, na jioni ya raundi ya mwisho ya Ligi Daraja la Kwanza simu yangu ikaanza kulia bila kupumzika. Ujumbe wa kwanza: Geita Gold imeifunga JKT Kanembwa 8-0. Ujumbe wa pili uliingia kabla sijamaliza kuusoma wa kwanza: Polisi Tabora imeifunga JKT Oljoro 7-0. Nikadhani natania­niwa. Nikampigia kaka mmoja ninayemwamini kwa habari za mpira, akacheka tu. "Andika hivyo hivyo, mdogo wangu," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Kwa asiyefuatilia mpira wa madaraja ya chini, nieleze kidogo. Geita na Polisi Tabora walikuwa kundi moja, wanawania tiketi moja ya kupanda Ligi Kuu, na hesabu zao zilikuwa zimebanana kiasi kwamba kilichobaki kuamua ni tofauti ya mabao. Kwa hiyo jioni ile kila mmoja alihitaji mabao mengi kuliko mwenzake. Na ajabu ni kwamba kila mmoja aliyapata.

Kamati ya Nidhamu ya TFF haikuamini ajabu hiyo. Baada ya kusikiliza shauri, timu zote nne zilikutwa na hatia ya kupanga matokeo na kushushwa daraja, na baadhi ya wahusika wakafungiwa. Tiketi iliyokuwa inagombewa ikaenda kwa timu ya kundi hilohilo ambayo jioni ile hakuna aliyekuwa anaifikiria: Mbao FC ya Mwanza.

Nilicheka kama wengine. Kijiweni kwetu zilitungwa mpaka tambo za kuhesabu mabao. Lakini karibu miaka kumi sasa naona jioni ile ndiyo mlango mzuri wa kuingilia historia ya mpira wa ukanda wetu. Mabao manane kwa dakika tisini ndiyo matokeo ya haraka kuliko yote, na yaliigharimu Geita miaka mitano. Jambo linalonisumbua ni lile lililofuata: miaka hiyo mitano ilizaa timu nzuri kweli, kisha tukairudia njia ya mkato, safari hii bila kuvunja kanuni yoyote. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele ipitwe njia hiyo.

*

Ukanda ninaousema unaanzia kwenye almasi. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wa almasi Mwadui, leo wilaya ya Kishapu, na nyikani pakaota mji mzima wa kampuni: nyumba, hospitali, shule, uwanja wa ndege, uwanja wa mpira. Magharibi yake, upande wa Kahama, ikaja migodi mikubwa ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi. Ukisogea zaidi kuelekea ziwa unafika Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ambako tangu 2012 ni mkoa unaojitegemea.

Katikati ya migodi hiyo yenye uzio wapo wachimbaji wadogo, na wao ndio waliotufundisha namna ya kuufikiria muda. Dhahabu ikionekana mahali, habari inasambaa usiku mmoja, watu wanahama na magodoro. Wao huita rashi. Ndani ya wiki mbili porini pana mama ntilie, mafundi simu, vibanda vya kuonyesha mpira, makarasha yanasaga mawe usiku kucha. Maduara yanachimbwa kila hatua chache. Miezi ikipita mawe yakakataa kutoa, kila mtu anakunja turubai lake na kufuata rashi nyingine. Kinachobaki ni mashimo na rundo la marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kusafishwa.

Sisemi haya kuwadharau. Ndugu zangu wamesoma kwa fedha za maduara. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia kwenye rashi hajifunzi kuuliza mwakani itakuwaje, anauliza leo imetoka ngapi. Nadhani tulipokwenda uwanjani tulikwenda na swali hilohilo.

Ichukue Stand United, Chama la Wana. Hii ni timu iliyozaliwa stendi ya mabasi ya Shinyanga, kwa wapiga debe, makondakta, mafundi na madereva. Haikuwa na mgodi, haikuwa na jeshi, haikuwa na halmashauri. Msimu wa 2014/15 ikawa Ligi Kuu. Mtu ambaye hakuwepo Kambarage siku zile nashindwa kumweleza. Uwanja wa CCM Kambarage una vumbi la kiangazi linalong'ang'ania meno, na vumbi lile siku ya mechi lilionekana kama moshi wa sherehe. Wenye timu walikuwa watu wanaouza tiketi za basi asubuhi na tiketi za mpira mchana.

Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa inamiliki Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ikaingia na udhamini wa miaka miwili wa kiwango ambacho timu za mikoani hazikuwa zimezoea kukisikia. Akaletwa Mfaransa Patrick Liewig, ambaye alikuwa amefundisha Simba mwaka 2013 na kujulikana kwa kuwapa vijana nafasi. Karatasini tulikuwa tumeshafika: fedha ipo, kocha wa kulea vijana yupo, mashabiki wapo wa kumwaga.

Kilichokuwa hakipo ni jibu la swali dogo: timu hii ni ya nani? Waanzilishi wa stendi walisema ni yao, timu ya wanachama. Upande mwingine ukataka iendeshwe kama kampuni. Mgogoro ukaenda mpaka TFF, mabango yakabebwa, na mwaka 2016 mdhamini akaondoka kabla ya mkataba kwisha. Fedha ilikuja kama rashi, ikaondoka kama rashi.

Na hapo ndipo mpira wetu unapodanganya macho. Septemba 25, 2016, huku mgogoro ukiwa bado moto, Stand waliifunga Yanga 1-0 pale Kambarage, bao la Pastory Athanas. Mji haukulala. Januari 2019 wakairudia: Yanga ilikuja Shinyanga haijapoteza mechi ya ligi msimu ule, ikaondoka imefungwa 1-0. Tukaimba, tukaandika, tukapiga picha ubao wa matokeo. Miezi michache baadaye, msimu ulipofungwa, Stand United ilishuka daraja.

Mwadui ni vilevile, ila kwa sauti ya chini. Timu ya mgodi wa almasi, uwanja wake mwenyewe ndani ya mji wa mgodi, ilipanda kwa msimu wa 2015/16 ikiwa na Jamhuri Kihwelo, Julio, kwenye benchi. Oktoba 2019 ikaifunga Simba 1-0 hapohapo Kambarage, wakati Simba ilikuwa haijaguswa. Kisha Aprili 2020, korona ilipobomoa soko la almasi, mgodi ukasimamisha uzalishaji, na ukaurejesha tu katika nusu ya pili ya 2021. Msimu wa 2020/21 wote, kwa hiyo, Mwadui FC ilicheza ligi huku mgodi wake umelala. Ilimaliza mkiani na kushuka.

Kumfunga Simba au Yanga ndiyo dhahabu yetu ya kuokota juu ya ardhi. Timu ndogo ya mkoani inaishi kwa mechi mbili hizo: mapato ya mlangoni, heshima, mchezaji mmoja kuonekana na kununuliwa. Kiongozi aliyemfunga mkubwa anasamehewa mengine yote. Nimehudhuria mikutano ya timu ambako mtu aliuliza habari ya mishahara ya miezi mitatu, akajibiwa kwa kukumbushwa tarehe tuliyomfunga Yanga, na ukumbi ukapiga makofi. Nilipiga na mimi.

*

Turudi Geita, tuliowaacha na mabao manane.

Adhabu iliwashusha mpaka Ligi Daraja la Pili. Timu nyingi za Tanzania zikifika huko hazirudi. Jina linabadilishwa, au nafasi inauzwa, au jezi zinabaki stoo ya halmashauri. Geita hawakupotea. Walipanda tena Daraja la Kwanza, na mwaka 2019 wakafika mchujo wa kupanda Ligi Kuu, wakapambana na Mwadui. Kwa hiyo ilikuwa dhahabu na almasi zinagombea kiti kimoja; Mwadui ikabaki, Geita ikakosa. Mwaka 2020 wakafika mchujo tena, Mbeya City ikawazuia. Mara ya tatu, msimu wa 2020/21, walipanda moja kwa moja.

Ukikaa na mlolongo huo unaona kitu. Kukosa mara mbili mfululizo kwenye mchujo kungetosha kuvunja timu yoyote ya ukanda huu, kwa sababu kila kukosa ni fedha imezama na mtu anatafutwa wa kulaumiwa. Wao walirudi kila mara wakiwa na nguvu kidogo zaidi. Nafikiri, na hii ni tafsiri yangu, adhabu ya 2016 iliwapa kitu ambacho mafanikio hayatoi: miaka ambayo hakuna aliyekuwa anawatazama. Hakuna rashi. Ukiwa Daraja la Pili hakuna anayekuja kukusaka, basi unapata nafasi ya kujenga.

Wakati huohuo, Mwanza, ile Mbao iliyopanda kwa mgongo wa adhabu yao ilikuwa inatoa somo lingine. Ilikuwa mikononi mwa Mrundi Etienne Ndayiragije. Msimu wa 2016/17 Mbao ilihangaika ligi nzima, ikanusurika kushuka siku ya mwisho kabisa kwa kuifunga Yanga. Kwa mazoea yetu kocha wa namna hiyo hafiki Krismasi. Wao walimwacha. Na katika msimu huohuo wa kuning'inia, kijana yuleyule asiyejulikana aliitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho na kufika fainali Dodoma, ambako Simba ilihitaji dakika za nyongeza kushinda 2-1. Ndayiragije aliendelea Mbao mpaka 2018, kisha KMC, kisha Azam, kisha Taifa Stars, aliyoipeleka kwenye CHAN ya Cameroon Januari 2021.

Sasa angalia historia inavyojua kutania. Mwaka huohuo wa 2021 Geita, wakiwa wamepanda, walimwajiri nani? Ndayiragije. Yule ambaye jina lake lilijengwa kwenye nafasi waliyoipoteza wao.

Ligi ikaanza, matokeo hayakuja. Nilikuwa nimeshapata safu ndogo ya michezo, na nikaandika makala ambayo naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Niliandika kwamba Geita haikupanda kuja kufundishwa uvumilivu. Niliandika kwamba jina la kocha halizuii mabao. Ilisomwa sana, ikasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya mashabiki, watu wakanipigia kunipongeza: "Umesema ukweli, mwandishi." Ligi haikufika mbali Ndayiragije akaondolewa. Sidai ni mimi niliyemwondoa, kalamu yangu haina uzito huo. Ila nilikuwa kwenye kwaya.

Na ugumu wa habari uko hapa, ndiyo maana makala hii imenichukua muda kuiandika: ilifanya kazi. Timu alikabidhiwa Fred Felix Minziro, ikageuka. Geita Gold ilimaliza msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu nafasi ya nne. George Mpole akafunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora wa ligi, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Nafasi ya nne ikawapa tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Timu iliyoadhibiwa 2016 ikawa inacheza Afrika 2022. Ilitolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan, lakini nani alijali? Nilikuwa nimesema, na matokeo yalikuwa yamesema nami.

Kwa hiyo yeyote anayekuja na wimbo mtamu kwamba kufukuza kocha hakusaidii, asiniletee mimi. Wakati mwingine kunasaidia, na haraka. Minziro alikuwa kocha mzuri anayelijua daraja la chini na anayewajua wachezaji wake. Kosa langu silioni kwenye kutaka mabadiliko. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba swali la kocha ndilo swali la timu.

Maana baada ya nafasi ya nne, nini kilijengwa juu yake? Januari 2023 Mpole aliondoka kwenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Ni haki yake, mchezaji ana miguu na miaka michache. Lakini nyuma yake hakukuwa na Mpole mwingine aliyekuwa anakua Nyankumbu au Katoro akisubiri zamu. Minziro naye akaondoka, benchi likabadilika tena, wachezaji wakaja na mikataba mifupi. Mwisho wa msimu wa 2023/24 Geita Gold ilishuka daraja. Kutoka nafasi ya nne mpaka kushuka ni misimu miwili tu.

Waliteremka msimu mmoja na Mtibwa Sugar. Na hapa naomba msomaji alinganishe mwenyewe. Mtibwa ni timu ya mashamba ya miwa Turiani, haina dhahabu, lakini kwa miaka mingi imekuwa ikilea vijana kwa utaratibu. Mabeki kama Dickson Job na Kibwana Shomari walitokea huko kabla ya kwenda Yanga. Mtibwa ilirudi Ligi Kuu msimu uliofuata. Geita ilibaki kwenye Championship, na mwaka 2025 ikakutana kwenye mchujo na nani? Stand United. Dhahabu na stendi ya mabasi wakagombea mlango mmoja. Stand walipita, kisha nao wakakwama mbele ya Fountain Gate. Msimu wa 2024/25 wote mikoa ya Shinyanga na Geita haikuwa na timu hata moja Ligi Kuu.

*

Kuna watu watasema tatizo ni fedha, na wengine watasema tatizo ni elimu ya uongozi. Mimi natazama namna fedha yenyewe inavyokuja. Mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanautaka mgodi uandae mpango wa kuwajibika kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, na mpango huo ni wa kila mwaka. Ni sheria nzuri, imejenga madarasa na zahanati. Lakini mpira unaoishi kwa udhamini wa mgodi na bajeti ya halmashauri unavuta pumzi za mwaka mmoja mmoja. Mkataba wa kocha mwaka mmoja. Mkataba wa mchezaji mwaka mmoja. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuhamishwa wiki ijayo. Nani ndani ya mnyororo huo ana sababu ya kumlea mtoto wa miaka kumi na tatu, ambaye atazaa matunda akiwa na ishirini?

Wengine wamelijibu. Lubumbashi, alikokwenda Mpole, ni mji wa shaba unaoongea Kiswahili kama sisi. TP Mazembe ya huko imekuwepo tangu 1939, imepita ukoloni, vita ya Katanga, kutaifishwa kwa migodi na kuporomoka kwake. Ni timu ya tajiri, sikatai, ila tajiri yule alijenga uwanja na chuo cha vijana, na ilimpokea Mbwana Samatta 2011 akiwa kijana na kukaa naye mpaka akawa bingwa wa Afrika 2015. Kaskazini mwa Ufaransa iko RC Lens, timu ya wachimba makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho wa makaa wa ukanda ule ulifungwa 1990. Lens ilichukua ubingwa wa Ufaransa 1998, miaka minane baada ya mgodi kufa. Imeshuka daraja mara kadhaa tangu hapo na kurudi, kwa sababu ilikuwa na mashabiki wanaojihesabu wenye timu na kituo cha kulea vijana, alikotoka Raphaël Varane. Buzwagi yetu imeshafungwa tangu 2021. Swali la Lens limeshafika kwetu.

Lakini jibu ninaloliamini zaidi sikulipata Ufaransa. Nililipata nyumbani, kwa mbuzi.

Guku wangu, yaani babu mzaa baba, alikuwa na ngitili huko Kishapu. Asiyetoka usukumani nimweleze: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa masika, mifugo hairuhusiwi kuingia, majani na miti inaachwa ikue, na linafunguliwa kiangazi kikali wakati kwingine kote pamebaki vumbi. Ni utaratibu wa zamani wa Wasukuma. Ulivunjika karne iliyopita: misitu ilifyekwa kuua mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, kisha kuhamia vijijini wakati wa Ujamaa kukawatenga watu na maeneo waliyokuwa wanayatunza. Miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania bila aibu.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukisaidiwa na Norway. Mwanzoni walikuja na miche na vitalu. Walichojifunza, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda, ni kwamba wenyeji tayari walikuwa na dawa. Kilichohitajika ni kuirudisha na kuipa sheria za kijiji. Ngitili zilizohesabika wakati mradi unaanza zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika mamia ya vijiji, nyingine za familia na nyingine za kijiji kizima. Mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Ukipita leo barabara ya Kishapu na kuona miti, ujue haikuwepo babu zetu walipokuwa wanaambiwa wanaishi jangwani.

Nikiwa mtoto nilikamatwa nimewaingiza mbuzi kwenye ngitili ya guku kabla ya wakati. Majani yalikuwa marefu, mbuzi walikuwa na njaa, mimi niliona dhuluma kuyaangalia tu. Hakunichapa. Alinipeleka mpaka kwenye uzio wa miiba, akanionyesha ng'ambo, kwa jirani ambaye hakufunga, udongo mwekundu mtupu. "Mjukuu wangu," akasema, "huyu alinicheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akaniita mchoyo. Sasa hivi anakuja kuomba majani."

Nimelifikiria sana neno lile la mwaka wa kwanza. Ngitili ina gharama, na gharama yake ni kwamba mwaka wa kwanza huna cha kuonyesha. Una uzio na mbuzi wenye njaa. Kinachoilinda si subira ya mtu mmoja, maana guku naye alikuwa na njaa kama wengine. Kinachoilinda ni kwamba kijiji kilikubaliana, sheria ndogo zikatungwa, na faini ikawekwa, hata kwa mjukuu wa mwenye ngitili. Guku alifariki. Ngitili bado imefungwa kila masika, na wanaoifunga hawakuwepo ilipoanza.

Hicho ndicho hatujawahi kukifanya kwenye mpira wa ukanda huu. Tumekuwa tukimwomba kocha awe uzio: tunamwajiri mtu, tunamwita mjenzi, tunampa mkataba wa mwaka, kisha tunashangaa mbuzi wameingia. Liewig hakuweza kuwa uzio wa Stand wakati wenye timu hawajakubaliana timu ni ya nani. Ndayiragije hakuweza kuwa uzio wa Geita. Hata Minziro na nafasi yake ya nne hakuweza. Kocha aje, afukuzwe, arudi, hiyo ni hali ya hewa. Kinachotakiwa kisiguswe ni kipande kimoja tu: timu ya vijana yenye fungu lake ambalo haliwezi kuhamishiwa kwenye usajili wa dirisha dogo, kiwanja chake, walimu wake, na katiba inayosema wazi nani atalipa faini akiingiza mbuzi. Kikubwa kinaweza kuendelea kuhangaika na matokeo ya wiki. Ngitili haizuii mtu kulima shamba lake lingine.

Hata hilo halina uhakika. Mwanza walikuwa na Alliance, timu iliyotoka kwenye shule za mpira, ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19 na kushuka msimu uliofuata. Kulea hakukuokoi usishuke. Kunakupa cha kupandia tena.

Ile makala yangu ya 2021 bado iko kwenye simu za watu. Mwaka huu shabiki mmoja wa Geita alinitumia tena, akaweka na vicheko, Championship imeanza vibaya na anataka kocha aondoke. "Kaka, andika kama ulivyoandika ile," akasema.

Nimemwandikia hii.